Somo: Kuyaona mawimbi ya alfa kwa bodi huria, bila kunyoa nywele

Wakuu, wengi mkishapata bodi ya OpenBCI, bodi huria ya kupima umeme wa ubongo, mnakimbilia programu. Mimi naona kazi yenyewe iko pale chuma kinapokutana na ngozi. Leo tunatafuta jambo moja tu: ufumbe macho, kompyuta ijue, kwa kuyaona mawimbi ya alfa, yaani umeme wa ubongo unaopanda na kushuka kama mara kumi kwa sekunde.

1. Umeme. Bodi ya Cyton, mojawapo ya bodi za OpenBCI, inatumia betri nne za AA na hutuma data bila waya. Iache hivyo hivyo. Elektrodi (vile vipande vya chuma vinavyogusa ngozi) zikiwa kichwani, bodi isiunganishwe na kitu chochote kilichochomekwa ukutani.

2. Nywele. Hapa nilipoteza jioni nzima. Kofia nyingi za elektrodi zimeshonwa kwa nywele zinazolala. Kwenye kipilipili changu elektrodi zilielea tu. Arnelle Etienne wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, alibuni elektrodi zinazobanwa na misuko yenyewe, akaziita Sevo, yaani "ubongo" kwa Kikrioli cha Haiti. Mimi sinazo, ila nilimwomba mdogo wangu anisuke twende kilioni, njia zipite wazi kisogoni. Ngozi ikaonekana, elektrodi zikatulia.

3. Ngozi. Mafuta ya nazi ni adui. Futa kwa pamba yenye spiriti, acha ikauke, kisha jeli ya kupitisha umeme, kiasi cha punje ya mbaazi. Ukizidisha, jeli za pande mbili zitaungana na chaneli zako mbili zitakuwa moja.

4. Mahali. Papasa kinundu cha kisogoni, panda vidole viwili, weka elektrodi mbili: kushoto panaitwa O1, kulia O2. Waya wa SRB2 (wa kulinganishia) ubane ndewe moja, wa BIAS (wa kupunguza kelele za umeme) ndewe ya pili.

5. Programu. BrainFlow, programu ya kusoma data ya bodi, itakupa sampuli 250 kwa sekunde. Mifano mingi ya Kimarekani huchuja kelele za umeme wa ukutani wa kwao, hezi 60 (mara 60 kwa sekunde). Umeme wetu ni 50, badilisha.

6. Jaribio. Macho wazi sekunde 30, yamefumbwa sekunde 30, taya limelegea. Ukifumba macho, kwenye grafu ya nguvu ya kila hezi kilima kitainuka karibu na hezi 10: ni mawimbi yaleyale ya alfa aliyoyaeleza daktari Mjerumani Hans Berger mwaka 1929.

MASWALI

— Dada, kwa hiyo kifaa hiki kinasoma mawazo?
Hapana. Kinajua umefumba macho; unawaza ugali au deni, hakijui.

— Naweza kuvaa kutwa?
Kwa jeli hii, hapana, inakauka. Watafiti wa Oldenburg, Ujerumani, wana cEEGrid, stika yenye elektrodi kumi inayozunguka sikio. Nywele hazihusiki, ila mawimbi ya kisogoni hufika pale yamepungua nguvu. Kwa matumizi ya kila siku, mimi ningeanzia huko.

— Nina kifafa, nijipime mwenyewe?
Usijipime kwa hiki, nenda kwa daktari. Na michezo ya taa za kumetameta kaa nayo mbali kabisa.

— Dada, kilima changu kikubwa sana, lakini kiko hezi 50!
Huo ni umeme wa nyumba, mdogo wangu. Chomoa chaja ya kompyuta, bana upya elektrodi za masikioni, ujaribu tena.