Kuomba chuo cha Marekani ukiwa Mombasa: wanavyochagua, na la kufanya

Jumamosi baada ya alasiri, baraza yetu hapa Majengo hujaa vijana waliomaliza kidato cha nne. Mimi ni mwalimu wa hisabati, na huu ni mwaka wangu wa tisa kuwasaidia kujaza fomu za vyuo vya Marekani. Swali la kwanza huwa lile lile: "Mwalimu, wanataka alama ngapi?"

Swali hilo tumelizoea kwa sababu ya KUCCPS, shirika linalogawa nafasi za vyuo nchini Kenya. Hapa kwetu, C+ ndiyo mlango wa shahada, kisha masomo manne ya klasta yanapigiwa hesabu, na nafasi zinagawiwa kuanzia juu kushuka chini mpaka zijae. Hakuna anayekuuliza mamako anauza nini. Harvard, Yale na Amherst hawaendi hivyo, na mtoto anayejaza fomu yao kana kwamba anajaza ya KUCCPS hujinyima mwenyewe.

Kule faili lako linamfikia mtu. Kwa kawaida ni ofisa aliyepewa sehemu fulani ya dunia. Anasoma, anaandika maoni yake, mara nyingi mwenzake naye anasoma, kisha baadhi ya mafaili yanafika mbele ya kamati, yanajadiliwa na kupigiwa kura. Alama zinaangaliwa mwanzo: je, huyu ataweza masomo yetu? Zikishajibu swali hilo, kazi yake kubwa imekwisha. Harvard huchukua watu wasiofika 5 katika kila 100 wanaoomba, na wengi wa wanaokataliwa wangeyaweza masomo bila shida. Kwa hiyo swali linalobaki mezani ni hili: huyu amefanya nini na alichokuwa nacho? Nao hawawezi kujua ulikuwa na nini mpaka waambiwe.

Basi anza na maelezo ya shule yako, jambo ambalo karibu kila mtu hulisahau. Shule za kule zina mshauri anayetuma ukurasa mmoja unaoeleza shule ilivyo. Zetu nyingi hazina. Nenda kwa mwalimu mkuu na rasimu mkononi, umwombe airekebishe na kuitia sahihi. Iseme shule ni ya ngazi gani, ya kaunti au ya kaunti ndogo, darasa lina wanafunzi wangapi, masomo gani yanafundishwa na yapi hayana mwalimu. Ieleze kuwa KCSE, mtihani wetu wa kidato cha nne, hupimwa kutoka A yenye pointi 12 hadi E yenye pointi 1. Kisha idadi: mwaka wako walifanya mtihani wangapi, na waliopata B+ kwenda juu walikuwa wangapi. B+ iliyo ya kwanza shuleni kwa miaka mingi ni habari kubwa, lakini peke yake kwenye karatasi inaonekana alama ya kawaida tu.

Barua ya mwalimu ya kukupendekeza nayo. Nilikuwa na binti mmoja wa Likoni, akili yake kama moto. Barua yake ilikuwa na mistari sita: ni mtiifu, ana nidhamu, ana bidii. Msomaji angeiweka juu ya faili lolote katika rundo lake na ingefaa. Niliumia, kwa kuwa yule binti, maabara yao ilipokuwa na amita moja, ndiye aliyepanga zamu ili wanafunzi 52 wote waishike kabla ya mtihani wa vitendo. Mwalimu aliliona hilo kwa macho yake, ila hakudhani ni la kuandikwa. Siku hizi kila kijana wangu humpelekea mwalimu karatasi yenye matukio matatu aliyoyashuhudia, kwa adabu, wiki nne kabla ya siku ya mwisho. "Mwalimu, shikamoo, nimekuandikia machache ya kukukumbusha." Hakuna mwalimu aliyechukia.

Kwenye Common App, fomu ya mtandaoni inayotumiwa na vyuo vingi vya Marekani, kuna nafasi 10 za shughuli, kila moja na maelezo yasiyozidi herufi 150. Watoto wetu huzijaza klabu za shule walizohudhuria mara mbili. Kijana mmoja aliandika klabu ya drama juu kabisa, na hakutaja popote kwamba huamka saa kumi alfajiri kuchemsha viazi vya karai ambavyo mamake huuza karibu na feri, wala kwamba daftari la mauzo ni yeye anayelishika. Aliona haya. Nilimwonyesha kwenye fomu: kazi ya malipo ina sehemu yake, na majukumu ya nyumbani yana sehemu yake. Tukaiweka ya kwanza, na saa zake kwa wiki. Kufundisha watoto madrasa, kumtunza nyanya mgonjwa, yote haya andika.

Insha isizidi maneno 650. Usiwaandikie umaskini wa Afrika nzima. Waandikie jambo moja ulilolifikiria sana, kwa sauti unayozungumza nayo na rafiki yako.

Sasa pesa, na hapa naomba mzazi asome pia. Harvard, Yale, Princeton, MIT, Amherst, Dartmouth na Bowdoin huamua bila kutazama kama mwanafunzi wa kigeni ana uwezo wa kulipa, na wakikukubali wanaziba pengo lote kulingana na hali ya nyumbani. Vyuo vingine vingi hutazama, na ombi la msaada mkubwa hufanya mlango uwe mwembamba. Changanya aina zote mbili kwenye orodha yako. Vingi hutaka fomu ya CSS Profile, inayouliza hali ya pesa nyumbani, na hapo nimeona baba wa tuktuk akiandika kipato kikubwa kuliko anachopata, kwa kulinda heshima yake mbele ya mwanawe. Chuo kinaamini kilichoandikwa na kinakupangia ulipe. Kaa na mzazi faraghani, andikeni ukweli, na kama hana hati ya mshahara, chapisheni taarifa ya M-Pesa na barua ya kueleza kazi yake.

Kuhusu muda, maombi ya mapema mengi hufungwa tarehe 1 Novemba, ukiwa ndani ya KCSE, na ya kawaida mwanzoni mwa Januari. Wengi wangu huomba mwaka unaofuata, matokeo yakiwa mkononi. Maombi ya mapema yanayokufunga ni ahadi: ukikubaliwa, unaacha kwingine kote, kwa hiyo usiyaguse kabla ya kuelewana nyumbani. Angalia pia SAT, mtihani wa Marekani wa kuombea vyuo. MIT waliirudisha kuwa lazima mwaka 2022, Dartmouth na Harvard wakatangaza hivyo 2024.

Yako mengine hutayaweza. Chuo kinajenga darasa zima: mwaka huu kinatafuta mpiga zumari, mwaka ujao mkimbiaji. Ukikataliwa kwa sababu hiyo hakuna atakayekuambia.

Ukija Jumamosi, njoo na cheti cha matokeo, majina ya walimu wawili wanaokujua vizuri, na orodha ya yote unayofanya tangu unapoamka hadi unapolala. Na kama mama anaweza kufunga genge mapema, njoo naye.