Gia Ngumu Asubuhi ya Baridi: Kwa Watu wa Mombasa Walio Ng'ambo

Mombasa, hata Julai upepo wa kusi ukivuma na watu wakitoa masweta, joto halishuki sana chini ya nyuzi 20. Aliyejifunzia magari Changamwe au Kongowea hana sababu ya kuiwazia baridi. Halafu anahamia Minneapolis, Marekani, au Edmonton, Kanada, ananunua gari la mtumba na kulibadilisha vifaa kwa ujuzi aliotoka nao Pwani. Asubuhi moja ya Januari gia ya pili inagoma kuingia, na akilazimisha inasaga. Anapiga simu nyumbani, fundi anamwambia giaboksi imekwisha.

Mara nyingi haijakwisha. Mengi tunayoyafanyia magari Mombasa ni ya kupigana na joto, na kwenye baridi kali hayo hayo ndiyo yanayoisumbua giaboksi. Basi kabla hujatoa pesa ya giaboksi nyingine, anza na oili.

Angalia kwenye chupa nambari iliyotangulia herufi W; ikiwa ndogo, oili inahimili baridi zaidi. Kwa viwango vya SAE, chama cha wahandisi wa magari, oili ya gia ya 85W hupimwa uzito wake kwenye nyuzi 12 chini ya sifuri, 80W kwenye 26 chini ya sifuri, na 75W kwenye 40 chini ya sifuri. Fundi wa Mombasa akikutilia 85W-140 (nambari ya pili ni uzito wa oili ikiwa moto) anajua anachofanya, kwa joto letu. Lakini ndani ya giaboksi mna sinkro, ile ringi, mara nyingi ya shaba, inayolinganisha mwendo wa gia kabla hazijashikana. Ili ishike, lazima kwanza ikamue utando wa oili. Oili ikiwa nzito mno ringi inateleza, mwendo haulingani, na meno yanagongana.

Ukitaka kuona kwa macho yako, tia 85W-140 kwenye chupa moja na 75W-90 kwenye nyingine, uzilaze kwenye friza ya nyumbani, ambayo huwa karibu nyuzi 18 chini ya sifuri. Asubuhi zipindue. Ya 75W-90 itateremka, japo polepole. Ile nyingine imekuwa nzito kama haluwa, na kiputo cha hewa kinajikokota humo ndani. Ndani ya uzito huo ndimo unamoilazimisha gia yako ipite.

Usikimbilie chupa yoyote iliyoandikwa 75W-90, lakini. Tazama pia kama kitabu cha gari kinataka GL-4 au GL-5, yaani madaraja ya oili ya gia. Giaboksi nyingi za mkono zinataka GL-4, na ukizitilia GL-5 sinkro inaweza kukosa mshiko. Subaru nyingi za gia za mkono, kwa upande mwingine, zinataka GL-5, kwa kuwa oili hiyo hiyo inalainisha na difu ya mbele, zile gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu. Kwa hiyo oili ya jirani yako si lazima iwe yako.

Sasa vifaa ulivyobadilisha. Mkono mfupi wa gia ni mtamu sana Nyali, ila umepunguza nguvu ya wenzo: mkono wako unasukuma zaidi, na ukiwa na haraka sinkro inapata muda mdogo wa kufanya kazi. Flaiwili nyepesi, lile gurudumu linalozunguka na injini, inafanya mzunguko wa injini uanguke upesi kila unapokanyaga klachi, basi gia ukiichelewesha gari linashtuka. Bushi za poliyurethini, plastiki ngumu badala ya mpira, hukakamaa kwenye baridi, na kila mtikisiko unakufikia kiganjani.

Asubuhi, washa gari likiwa huru na uachie klachi, ili shafti izunguke na oili ichangamke kidogo. Usikae hapo nusu saa. Giaboksi inapata joto hasa kwa kutembea. Nenda taratibu kilomita chache za mwanzo. Gia ya pili ikigoma, fanya walivyofanya madereva wa malori ya zamani: kanyaga klachi, toa gia, achia klachi, kanyaga tena, ingiza. Hili nalipenda kuliko dawa zote za chupa, maana halina gharama.

Gari la otomatiki lina kisa chake. Kompyuta yake huchelewesha gia za juu mpaka oili ipate joto, na hilo ni sawa. Shida inakuja kama thamostati, kidude kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, imeng'olewa, mtindo uliozoeleka sana kwetu gari likichemsha. Thamostati nyingi hufunguka kwenye nyuzi 80 na kitu; bila hiyo, injini huko uliko huenda isipate joto linalotakiwa msimu mzima, na giaboksi inayopashwa moto kupitia rejeta inabaki baridi pia. Irudishe. Kama uliongeza rejeta kubwa ya oili ya giaboksi, weka na vali inayoipitisha oili pembeni mpaka ipate joto.

Ikiwa umeshatembea nusu saa na gia bado inasaga, hapo baridi haina kosa. Mwaga oili, utazame sumaku ya bolti ya chini. Ujiuji laini wa kijivu ni wa kawaida. Ukikuta vipande unavyoweza kuviokota kwa kucha, usiliendeshe tena; lipeleke kwa fundi wa huko huko anayefungua giaboksi, na umpe orodha ya kila kifaa ulichobadilisha.