Namna ya kuandika maelezo ya zana za WordPress kwa ajili ya mawakala wa akili mnemba

Mhariri mgeni akiingia chumba cha habari hufundishwa kazi kwa kuonyeshwa, na akikwama humgeukia aliyeketi karibu naye akamwuliza. Wakala wa akili mnemba, yaani programu inayotenda kazi kwa niaba ya mtu kwa kutumia zana ilizopewa, hana wa kumgeukia. Anachokijua kuhusu zana aliyokabidhiwa ni jina lake, maelezo yake na orodha ya vigezo vyake (taarifa zinazojazwa zana inapoitwa), kama vinavyomfikia kwa mfano kupitia MCP, itifaki ya kuunganisha mawakala na zana ambayo Anthropic iliitangaza Novemba 2024, na kwa hayo matatu huamua aitumie au aiache. Mwongozo huu unamhusu anayesimamia tovuti ya WordPress, mfumo ambao tangu toleo la 4.7 la Desemba 2016 umeruhusu programu nyingine kusoma na kuandika machapisho kupitia kiolesura chake cha REST.

Usianze kwa kunakili nyaraka za watengenezaji wa programu. Hizo ziliandikwa kwa ajili ya mtu atakayesoma, ajaribu, akosee, kisha akumbuke. Wakala kwa kawaida huanza upya katika kila mazungumzo. Gawa kazi ziwe zana ndogo zenye majina yanayotaja kitendo na kinachotendwa: tafuta_machapisho, unda_rasimu, peleka_kapuni. Zana moja yenye kigezo cha kuchagua kati ya kusoma, kuandika na kufuta humpendeza fundi kwa unadhifu wake, lakini huacha neno moja tu kati ya kusoma habari na kuifuta.

Maelezo ya zana yaseme inafanya nini, nini hubadilika kwenye tovuti, na lini isitumike. Kwa peleka_kapuni, ningeandika hivi: «Huhamishia chapisho moja kwenye kapu la taka. Wasomaji hawataliona tena, lakini linaweza kurejeshwa. Inahitaji namba ya chapisho; kama mtumiaji ametaja kichwa tu, tafuta namba kwanza kwa tafuta_machapisho, na yakipatikana zaidi ya moja, muulize. Usiitumie kuficha habari kwa muda. Kwa kazi hiyo irudishe kuwa rasimu.» Kigezo cha force, ambacho hufuta moja kwa moja bila kupitia kapuni, sikiweki kabisa mikononi mwa wakala. Picha ni habari nyingine: kwa mpangilio wa kawaida hazina kapu, na WordPress hukataa kuzifuta mpaka force iwekwe kuwa kweli (true), kwa hiyo maelezo ya zana ya machapisho yasinakiliwe kwa picha.

Mtego unaoharibu kazi kimyakimya zaidi uko kwenye kuhariri. Tangu toleo la 5.0 la Desemba 2018, makala huhifadhiwa yakiwa na alama za vitalu, yaani vipande vya makala kama aya au picha, kama <!-- wp:paragraph -->, ambazo msomaji hazioni. Wakala akisoma uga wa content.rendered hupata maandishi yaliyokwisha kuandaliwa kwa ajili ya msomaji, bila alama hizo. Akisahihisha neno moja na kurudisha yote, ukurasa hautaonyesha tofauti kubwa, lakini mhariri atakayeifungua makala kesho yake atakuta vitalu vyake vimegeuka donge moja. Zana ya kusoma kwa nia ya kuhariri iombe context=edit na irudishe content.raw peke yake, yaani makala ghafi yenye alama zake, na maelezo yaagize alama za vitalu ziachwe zilivyo.

Kategoria nazo hupokelewa kwa namba, si kwa majina, na orodha inayotumwa hufuta ile iliyokuwepo badala ya kuongezea. Sentensi moja inatosha: «Tuma namba zote zinazotakiwa kubaki, za zamani na mpya.»

Kuhusu saa, sisi tuna tatizo letu wenyewe. Mtumiaji akiandika «ipangwe kutoka kesho saa mbili asubuhi» anakusudia 08:00, lakini wakala aliyezoea saa za Kizungu anaweza kutuma 02:00, habari ikatoka wasomaji wakiwa wamelala. Isitoshe, kuna nyuga mbili: date hufuata saa za tovuti, na date_gmt hufuata saa za dunia, ambazo ziko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa tatu. Hakikisha kwanza tovuti haikuachwa kwenye UTC, yaani hizo saa za dunia, mpe wakala date peke yake, kisha uandike mifano badala ya kanuni: saa mbili asubuhi ni 08:00, saa nane mchana ni 14:00, saa mbili usiku ni 20:00. Muda uliokokotolewa aurudishe kwa mtumiaji authibitishe kabla ya kupanga.

Maelezo, hata yakiwa mazuri namna gani, si kufuli. Mfungulie wakala akaunti yake ya ngazi ya mchangiaji, ambayo huandika rasimu bila uwezo wa kuchapisha, na umpe nenosiri la programu, yaani nenosiri la pekee la kuingilia kupitia kiolesura cha REST, huduma iliyopo tangu toleo la 5.6. Ukihitaji afanye zaidi ya hapo, panda ngazi moja moja. Akikataliwa, asipewe namba 403, ya kukosa ruhusa, peke yake bali sentensi: «Akaunti hii haina ruhusa ya kuchapisha; hifadhi rasimu na umjulishe mhariri.» Bila hiyo, anaweza kurudia ombi lilelile tena na tena.

Mwisho, jaribu kwa maombi yaliyoandikwa kama watu wanavyoandika kweli, na uangalie ni zana ipi ilichaguliwa na kwa vigezo gani. Mimi huanza na «toa ile habari ya maji ya jana», kwa sababu mhariri mmoja akisema hivyo anataka itolewe kwa wasomaji, na mwingine anataka iondolewe kwenye tovuti. Wakala asipouliza, narudi kwenye maelezo ya zana zote mbili, ya kuchapisha na ya kuondoa.