Ritifaa ikae wapi: kuanzia Mtang'ata hadi kwenye simu

Tamka Ngamiani, mtaa wa Tanga mjini, kisha tamka Mtang'ata, pwani ya upande wa Tongoni. Katika la kwanza g inasikika. Katika la pili pumzi inapita puani tu. Ritifaa, yaani alama ya ('), ndiyo inayozitenga sauti hizo. Ukiwa na shaka, ivute sauti kabla hujafika kwenye irabu. Ikivutika puani bila kukatika, tia ritifaa. G ikipasuka, kama katika ngoma, usitie. Ukikosea, maana inageuka: kung'oa ni kutoa kitu na mizizi yake, lakini ngoa ni tamaa au wivu.

Mahali pake ni baada ya g. Ng'onda, yaani samaki mkavu, akiandikwa kwenye ubao wa bei sokoni "n'gonda" au "ngo'nda", tahajia imevunjika, maana n, g na ritifaa ni sauti moja. Hata neno likikatwa mwisho wa mstari, usizitenganishe: ng'o-nda.

Washairi huiweka penye herufi iliyomezwa ili mizani itimie: "amefika" ni mizani 4, "'mefika" ni 3. Ndivyo unavyofupishwa mwaka 1964 kuwa '64. Hapo programu nyingi za kuandikia hugeuza alama ikatazama upande usio wake, zikidhani unafungua nukuu. Andika a'64, kisha futa hiyo a.

Hasara kubwa iko kwenye ujumbe mfupi wa simu. Ritifaa iliyonyooka (') imo katika herufi za kawaida za ujumbe, ambao hubeba herufi 160. Iliyopinda (’) haimo. Ikiingia moja tu, ujumbe mzima unahamia mfumo mwingine na nafasi inashuka hadi 70. Mwaliko wa harusi wenye herufi 150, ukiwa na "ng’ombe" mmoja wa ritifaa iliyopinda, unahesabiwa jumbe 3 badala ya 1, na kwa wageni 200 unalipia jumbe 600. Iliyopinda mara nyingi huja na maandishi yaliyonakiliwa kutoka kompyuta, kwa hiyo ibadilishe kabla ya kutuma.

Kwenye jedwali la kompyuta, orodha ya wachangiaji hupoteza sifuri ya mwanzo wa namba ya simu, kwa kuwa programu huichukua kama hesabu. Anza kwa ritifaa, kisha namba: sifuri itabaki, na ritifaa yenyewe haitaonekana kwenye kisanduku.