Kupunguza njiwa kwenye jengo bila kuwaua: nilivyofanya Upanga

Mimi ni fundi wa viyoyozi. Njiwa sikuwatafuta, wao ndio walionifuata kazini: nikiitiwa mashine "haipoozi" hapa Upanga, Dar es Salaam, mara nyingi nikifika nyuma yake nakuta vijiti, manyoya na mavi yaliyoganda. Mwaka jana wapangaji wa jengo moja la ghorofa nne waliniomba nimalize tatizo lenyewe, kwa sharti asife njiwa hata mmoja. Nusu yao wanawapenda, nusu wanafua nguo mara mbili. Kazi imechukua miezi saba. Juzi fundi mwenzangu wa Kariakoo kaniuliza nilifanyaje, nikaona niandike mara moja nisije nikarudia kila siku kwenye simu.

Kwanza, mambo mawili ya kuacha kabisa.

Sumu. Njiwa aliyekula sumu haangukii kwako, anaangukia uani kwa jirani, halafu paka na kunguru wanamalizia. Na haisaidii. Mji wa Basel kule Uswisi waliua njiwa wapatao 100,000 kati ya 1961 na 1985, idadi ikabaki pale pale, karibu 20,000. Ukiua kumi, chakula chao kinawanenepesha makinda kumi wengine. Idadi ilianza kushuka walipowageukia watu wanaowalisha, kuanzia 1988.

La pili ni kuwakamata na kuwapeleka mbali. Hili nimelifanya mwenyewe. Niliwatia wanane kwenye tenga nikawapeleka hadi Kibaha, nikawaachia, nikapitia kwa shemeji kunywa chai. Narudi jioni, namkuta mmoja mwenye doa jeupe bawani katulia juu ya tanki la maji, ananitazama. Nauli yangu ndiyo iliyopotea.

Hatua ya 1: Hesabu

Jioni kabla ya giza, wakirudi kulala. Siku tatu, shika namba ya katikati. Mimi nilianza na 64.

Hatua ya 2: Chakula

Kila jengo lina mtu wake. Letu lilikuwa na bibi wa ghorofa ya pili, kila asubuhi anamwaga kisado kizima cha mtama na mchele dirishani. Msimwendee kikamati na barua. Nilikwenda peke yangu, nikampa shikamoo, nikakaa, nikanywa chai yake ya tangawizi, na njiwa sikuwataja hadi alipowataja yeye. Anawalisha kwa ajili ya marehemu mumewe. Sasa mtu kama huyo utamwambia "acha"? Nilimwomba mambo mawili: awalishie sehemu moja tu, juu ya paa, na awape kiasi wanachokimaliza kwa dakika kumi. Paani hawezi kupanda, kwa hiyo mtama anampa mjukuu.

Mapipa ya taka yapate vifuniko. Hilo halina maelezo.

Hatua ya 3: Banda na mayai ya bandia

Watu hushangaa kwa nini nijenge banda wakati nataka njiwa wapungue. Kiota kilicho nyuma ya AC ya ghorofa ya nne huwezi kukifikia kila wiki, cha bandani unakifikia. Mji wa Augsburg, Ujerumani, wamefanya hivi tangu miaka ya 1990, na miji mingine ya huko imeiga. Banda langu ni la mbao, vyumba kumi na viwili vya kama sentimita 30 kila upande, kivuli cha kutosha, maji na ule mtama wa bibi mlangoni. Walianza kuhamia baada ya wiki tano. Usikate tamaa wiki ya pili.

Njiwa hutaga mayai mawili, la pili siku mbili hivi baada ya la kwanza. Subiri yatimie yote, kisha badilisha. Ukiyachukua bila kuacha kitu, jike anataga tena, wala haipiti wiki mbili. Ukimwachia ya bandia anaatamia siku zake kumi na nane na zaidi mpaka achoke mwenyewe, na mwili wake unapumzika.

Mayai yenyewe: nilianza na vipira vya plastiki, vikasukumwa nje siku hiyo hiyo kwa sababu ni vyepesi. Nikaenda kwa wachongaji wa Mwenge, wakanichongea kwa mabaki ya mpingo, urefu sentimita nne, upana tatu, nikayapaka rangi nyeupe. Mpingo ni mzito, unazama hata majini, na uzito unakaribiana na wa yai lenyewe. Kuchemsha mayai halisi na kuyarudisha inawezekana, ila kwa joto la Dar mimi siitaki harufu hiyo.

Kabla ya kulichukua yai, limulike kwa tochi ya simu penye giza. Likiwa na mwanga safi wa njano, chukua. Ukiona nyuzi nyekundu kama miguu ya buibui, umechelewa, lirudishe watotoe. Yaliyo safi namwachia mlinzi anakaanga, na analalamika kwamba mawili hayafikii la kuku moja. Na mara mojamoja mwachie kila jozi kinda mmoja, la sivyo watalihama banda.

Hatua ya 4: Hakikisha viota ni vitupu

Hapa ndipo nilipoharibu, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nilifunga wavu wa kuwazuia njiwa wasiingie nyuma ya mashine ya ghorofa ya tatu, siku ya Jumamosi. Nilichungulia saa nne, nikachungulia tena saa nane, hakuna njiwa. Nikakaza, nikateremka, nikalipwa. Saa tatu usiku mama mwenye nyumba ananipigia: "Fundi, kuna kitu kinagonga." Nilipofika, njiwa wawili walikuwa nje wameng'ang'ania wavu kwa kucha, na ndani, kati ya ukuta na mashine, kinda amejikunja. Manyoya yameshaota, lakini bado ana vile vinyweleo vya njano kichwani. Nilikata wavu kwa mkasi, kazi ya siku nzima ikaishia hapo.

Kosa langu lilikuwa kudhani kiota kisicho na mzazi ni kitupu. Elewa zamu zao. Wakati wa mayai kiota hakibaki peke yake: dume anakaa kuanzia kama saa nne asubuhi hadi saa kumi au kumi na moja jioni, jike anachukua jioni, usiku hadi asubuhi. Ukimwona njiwa saa sita mchana katulia kama jiwe usiseme anakimbia jua, huyo ni baba yuko kazini. Lakini kinda akifikisha wiki moja na nusu, wazazi wanamwachia saa nyingi, wanakuja kumlisha na kuondoka. Na kinda hupiga kelele akiwaona wao tu, akikusikia wewe ananyamaza kimya.

Kwa hiyo kuchungulia hakutoshi. Ingiza mkono, au kioo kidogo kwenye fimbo na tochi, hadi nyuma kabisa ya mashine (zima umeme wake kwanza, tafadhali) na juu ya mabomba. Angalia kinyesi: kama duara la kiota lina mavi mabichi ukingoni, kuna mtu ndani. Ukikuta kinda, andika tarehe na uondoke. Anaruka akiwa na wiki nne hadi tano. Usimhamishe bandani, wazazi hawatamfuata huko. Mteja atakusumbua, mwambie mwezi mmoja. Mimi sasa nalisema hilo kabla ya kupokea hela ya awali.

Ukikuta mayai tu, badilisha papo hapo, wakichoka ndipo uzibe.

Hatua ya 5: Safisha

Barakoa nzito ya vumbi, si ya kitambaa. Lowesha kwanza, usifagie makavu, vumbi lake lina magonjwa ya mapafu. Maji na sabuni, suuza vizuri, ndipo dawa ya kuua vijidudu. Jiki usiimwage juu ya mavi yenyewe, inatoa hewa inayokaba koo.

Hatua ya 6: Wavu

Miiba ya plastiki ya kuwazuia wasitue siipendi. Nimekuta kiota kimejengwa juu yake, miiba ikiwa ndiyo msingi. Gundi za kunasa ni ukatili, sizijadili.

Wavu wa njiwa ni wa tundu la milimita 50 kila upande. Ukienda duka la zana za uvuvi, kumbuka wavuvi hupima tundu likiwa limevutwa, fundo hadi fundo. Ukiomba "inchi mbili" utapewa lenye upande wa inchi moja, linashika upepo kama tanga na bei iko juu. Omba inchi nne. Uzi uwe mnene wa kusokotwa. Ule mwembamba unaong'aa kama mshipi usiuguse, njiwa hauoni, ananasa bawa na kufa akining'inia.

Waya wa kuzungushia uwe wa stenlesi. Upepo wa bahari unakula ule wa kawaida kabla mwaka haujaisha. Ukaze hadi ukiupiga kwa kidole ulie. Wavu uliolegea ni mtego. Acha mlango wa kufungua upande wa mashine, maana fundi wa AC atakuja tu, na asipoupata atakata.

Jumapili iliyopita nilihesabu 27, ishirini na mmoja wakiwa bandani. Yule mwenye doa jeupe bado anakaa juu ya tanki.