Lori na bodaboda: namna ninavyofundisha fizikia kwa simu za wanachuo wenyewe

Waulize wanachuo wa sasa kanuni ya tatu ya Newton, na jibu litakuja kabla hujamaliza swali. Huyu alikariri tangu sekondari, yule kachungulia simu chini ya meza. Sasa waulize hivi: lori likigongana na bodaboda, ni kipi kinachomsukuma mwenzake kwa kani kubwa zaidi? Darasani kwangu wengi hujibu "lori", tena bila kusita, ingawa dakika mbili zilizopita wametamka wenyewe kwamba kani ya kutenda na ya kujibu ni sawa.

Hapo ndipo ninapoitumia teknolojia. Sishindani na intaneti katika kuwapa taarifa, maana nitashindwa. Ninaitumia kuwafanya waone kwamba wanachokijua na wanachokiamini havijakutana. Njia hii ya kupiga kura, kubishana na kupiga kura tena ilianzishwa na Eric Mazur, mwalimu wa fizikia wa Harvard, mwanzoni mwa miaka ya 1990. Aliwapa wanafunzi wake maswali mepesi ya kani, na mmoja akamuuliza ajibu kwa jinsi alivyofundishwa au kwa jinsi anavyofikiri mwenyewe. Mwalimu yeyote aliyewahi kusahihisha mitihani analielewa swali hilo.

Hatua ya 1: Tunga swali moja tu

Hapa ndipo kazi ilipo, na usione shida kukaa na swali moja jioni nzima. Lisiwe na hesabu. Liwe na kitu wanachokiona kila siku, na majibu ya uongo yawe yale yanayowavuta kweli. Langu ni hili:

*Lori la mchanga limegongana uso kwa uso na bodaboda. Wakati wa kugongana:*
*A. Lori limeisukuma bodaboda kwa kani kubwa zaidi.*
*B. Bodaboda imelisukuma lori kwa kani kubwa zaidi.*
*C. Kani zote mbili ni sawa.*
*D. Lori limesukuma, bodaboda haikusukuma chochote.*

Ninaliandika kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Mtihani watafanya kwa Kiingereza, lakini ubishi wa kweli hutoka kwa lugha wanayoongea bwenini.

Hatua ya 2: Liweke kwenye fomu nyepesi

Natumia fomu ya Google. Swali moja, bila picha wala mapambo. Zima mambo matatu kwenye mipangilio: kukusanya barua pepe, kumbana mtu ajibu mara moja tu (hilo humlazimisha aingie kwenye akaunti, na nusu ya darasa watakuwa wamesahau nywila), na kuwaonyesha wajibuji muhtasari wa matokeo. Hilo la mwisho ni la lazima. Akiona wenzake wengi wamechagua A, naye atakwenda A. Kisha nakili fomu ili uwe na ya pili kwa kura ya marudio.

Tuma viungo vyote viwili kwenye kundi la WhatsApp la darasa usiku wa kuamkia kipindi, fomu zikiwa bado zimefungwa. Mara ya kwanza nilituma tukiwa ukumbini. Mtandao ukalemewa, na nikapoteza dakika ishirini nikisubiri.

Na asiye na bando, au mwenye kitochi? Anyooshe vidole kifuani: kimoja A, viwili B, vitatu C, vinne D. Kifuani, si juu ya kichwa, ili jirani asiige. Kiongozi wa darasa anahesabu na kuniletea idadi. Ukitaka, darasa zima lipige kura hivyo hivyo siku umeme umekatika. Mwanachuo asikose kushiriki kwa sababu ya MB.

Hatua ya 3: Kura ya kwanza, kimya kimya

Dakika mbili. Fungua fomu ya kwanza. Hakuna kuongea, hakuna kugugo. Angalia grafu kwenye simu yako na usiwaonyeshe. Waliopatia wakiwa chini ya asilimia 30, rudi ufundishe upya, maana hawana cha kujadili. Wakizidi 70, fafanua kidogo uendelee. Katikati ya hapo ndipo penye utamu.

Hatua ya 4: Waache wabishane

Kila mtu amtafute jirani aliyechagua tofauti, amshawishi. Dakika nne. Wewe tembea, sikiliza, usitoe jibu hata wakikubembeleza. Sasa ruhusu simu: watafute, waulize akili mnemba, wafanye wanavyotaka. Watakuta kwamba C ndilo jibu. Lakini mara moja swali jingine linazaliwa, nami hulisubiri kwa hamu: kama kani ni sawa, mbona bodaboda ndiyo inayosagika?

Wapige kura ya pili. Ndipo uonyeshe grafu zote mbili kwa projekta.

Hatua ya 5: Waone kwa macho

Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kina mkusanyo wa maabara za kuigiza kwenye kompyuta, za bure, uitwao PhET, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia. Baadhi zimetafsiriwa kwa Kiswahili. Pakua ile ya Collision Lab kama faili moja, uwarushie kwa Bluetooth. Inafunguka kwenye kivinjari bila intaneti.

Weka mpira wa kilo 3 ukienda mita 1 kwa sekunde, na wa kilo 1 ukiwa umesimama, mgongano usiopoteza nishati. Baada ya kugongana, mkubwa unabaki na mwendo wa 0.5, mdogo unaondoka na 1.5. Wakokotoe momentamu (kilo mara mwendo): mmoja umepoteza 1.5, mwingine umepata 1.5, katika muda ule ule. Kani ni badiliko la momentamu kwa muda, kwa hiyo kani ni sawa. Ila mwendo wa mdogo umebadilika mara tatu zaidi, kwa kuwa tungamo lake ni theluthi. Dereva wa bodaboda anaumizwa na badiliko hilo la ghafla, juu ya chombo kisicho na bodi ya kumkinga.

Hatua ya 6: Kazi ya nyumbani kwa sauti

Insha siombi tena kwa mada hii, maana zinafanana mno. Kila mmoja anatuma sauti ya WhatsApp isiyozidi dakika mbili, akimweleza dereva wa bodaboda, bila neno hata moja la Kiingereza, kwa nini lori linapata kani ile ile. Wengine huenda kijiweni kweli na kurekodi mazungumzo, baada ya kuomba ruhusa. Anayesoma maandishi ya mtu mwingine unamtambua kwa sauti, na huyo ninamuita tuzungumze ana kwa ana.

Hifadhi grafu za kura zote mbili pamoja na tarehe. Swali ambalo kura zake hazikubadilika baada ya ubishi, litunge upya kabla ya muhula ujao.