Kizibo cha sikio hakisukumwi tu

Ndugu mafundi vyuma wa mitaa ya Katuba na Kenya, hapa Lubumbashi, nawaona: mashine ya kukatia chuma inalia, kizibo cha sponji kimening'inia nusu nje. Hapo hakuna kinga. Nawa mikono kwanza, grisi isiingie sikioni. Kisokote mpaka kiwe chembamba kama kijiti, bila mikunjo. Pitisha mkono wa pili nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili njia inyooke, ingiza upesi, ukishikilie kwa kidole sekunde 30 hivi kikivimba. Wengi huachia mapema, ndiyo maana kinarudi nje. Ukiongea, sauti yako isikike nzito, kichwani. Sivyo? Toa, sokota tena. Kilichokakamaa tupa.